Duka la mitishamba Mwanjelwa na dawa zake za kumbukumbu: nini ununue na nini uache

Watu wengi wa Mbeya wenye wazazi walioanza kusahau wameshaambiwa na jirani au mtu wa kanisani kwamba nenda lile duka la mitishamba pale Mwanjelwa, sio ndani ya soko, lile la barabara ya nyuma lenye rafu za vioo, wana dawa ya kurudisha kumbukumbu. Mi ni mteja pale kwa ajili ya mama yangu na naandika kwa kirefu kwa sababu niliyoyakuta ni mchanganyiko, muuzaji ni mtu wa kuaminika kabisa, baadhi ya bidhaa ni nzuri, ila kuna vitu kwenye rafu zake havikutakiwa kuwepo na ndo vinavyotoka kuliko vyote.

Mama ana miaka sabini na kitu, ana presha na sukari ya muda mrefu, tunakaa nae Uyole. Alianza kwa kuuliza kitu kilekile kila baada ya muda mfupi, tukaona ni uzee, alafu siku moja akaenda kununua mchele sokoni Uyole, soko analolijua tangu sisi hatujazaliwa, akashindwa kurudi nyumbani mpaka kijana wa bajaji anayemfahamu akamleta. Kijijini kwetu Rungwe maneno yakaanza, wengine wanasema karogwa, wengine wanasema yeye mwenyewe ndo mchawi na mambo yake yamemgeukia. Wenye wazee vijijini mnajua maneno ya hivyo yanaweza kuishia wapi. Kwahiyo mtu akikwambia kuna kidonge cha majani kinazuia kusahau, unatoa hela, hata kama ya kukopa unatoa.

Tuanze na huduma maana hapo ndo pazuri. Duka analo mama mmoja wa makamo, binti yake anasaidia kufunga mizigo. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuchukua zile kapsuli za kumbukumbu za ginkgo za mama. Hakwenda kwenye rafu. Akaniuliza "mama anatumia dawa gani za hospitali mwanangu?" Nikamtajia za presha, metformini ya sukari, na ile aspirini ndogo anayomeza kila siku. Akasema basi hii sikupi, hii na aspirini hazikai pamoja, akijikata au akivuja damu ndani inaweza isikatike haraka, nenda kaongee na daktari wake kwanza. Boksi lenyewe lilikuwa linauzwa 48,000, na hela nilikuwa nayo mkononi anaiona. Aisee kuna maduka ya dawa, ya hospitali kabisa, ambayo hawaulizi hilo swali, wanakuuliza tu unataka ngapi.

Na alichosema ni kweli. Madaktari wanaonya kwamba ginkgo inaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu hasa kwa anayetumia aspirini au warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, na wazee wetu wengi wa presha na moyo wapo kwenye hizo dawa.

Sasa hiyo ginkgo yenyewe. Ni mti wa China, wa zamani mno, majani yake ndo yanakamuliwa kiini kinachowekwa kwenye kapsuli, na duniani kote ndo dawa ya mmea inayouzwa sana kwa jina la kumbukumbu. Bahati nzuri imepimwa kweli kweli, sio kwa panya tu. Marekani walichukua wazee 3,069 wenye miaka 75 kwenda juu, nusu wakapewa ginkgo miligramu 120 asubuhi na 120 jioni, nusu wakapewa vidonge vinavyofanana ila havina kitu, wakawafuatilia kama miaka sita hivi, majibu yakatoka 2008. Waliopata ugonjwa wa kusahau kwenye kundi la ginkgo walikuwa 277, kwenye kundi la vidonge vitupu 246. Yaani hakuna kilichozuiwa. Wafaransa nao wakafanya ya kwao, watu zaidi ya 2,800 wa miaka 70 na kuendelea, miaka mitano, ikatoka 2012, jibu lilelile. Kwahiyo kama mzazi wako bado yuko vizuri na unataka kumkinga asije akasahau, hiyo 48,000 kwa mwezi haijaonyesha kukinga. Ujerumani ipo kiini maalum cha ginkgo ambacho madaktari wengine wanawaandikia watu ambao tayari wanaumwa, ila kile kimetengenezwa kwa kipimo kinachojulikana, na boksi la pale Mwanjelwa limeandikwa tu "ginkgo" na picha ya ubongo unaong'aa, humo ndani kuna kiasi gani cha nini hawajasema.

Kijana mmoja wa chuo aliingia nikiwa pale, anataka hizohizo za kumsaidia mitihani. Yule mama akamwambia lala usiku, kunywa chai na ule, hela nunulia daftari. Akamrudisha hivihivi. Nilimheshimu sana.

Binzari. Hii nunua. Wanauza ile mizizi mikavu na wanakusagia ukiwa umesimama hapohapo, na mi nasisitiza uchukue hiyo ya kusagiwa na sio ile ya pakiti zilizokuja zimefungwa tayari, kwa sababu kule Bangladesh watafiti walikuta baadhi ya wasindikaji wanatia rangi yenye madini ya risasi ili manjano iwake, na risasi inaharibu ubongo, sasa unampa mzazi kitu cha kutunza akili kumbe unamwekea sumu ya akili. Sijasema za kwetu ziko hivyo, nasema mzizi unauona kwa macho yako. Ile ya kusagwa pale ni 3,000 robo kilo, rangi yake imepoa kidogo, sio ile manjano ya kuumiza macho, ukiipaka kidoleni inabaki mpaka kesho yake na harufu yake ina ukali kama wa udongo uliopata mvua.

Ndani ya binzari kuna kitu kinaitwa kurkumini, ndo kinachosifiwa kwa ubongo. Shida yake ni mbili. Kwanza ni kidogo, kwenye gramu 100 za unga unapata kama gramu 3 tu. Pili tumbo haliipokei vizuri, karibu yote inapita. Ndo maana muuzaji anakwambia weka pilipili manga, na hapo tena yuko sahihi, utafiti wa India wa 1998 ulionyesha piperini ya kwenye pilipili manga inapandisha kurkumini inayoingia kwenye damu kwa asilimia 2,000. Ila hata hivyo usije ukafikiri sufuria la mchuzi ni dawa. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha California pale Los Angeles uliotoka 2018, watu waliopewa kurkumini iliyotengenezwa maalum iingie vizuri kwa miezi 18 kumbukumbu zao zilikuwa bora kuliko waliopewa vidonge vitupu, lakini walikuwa watu 40 tu na hawakuwa wagonjwa, ni watu wa makamo na wazee wenye kulalamika kusahau kidogo. Waliojaribu kwa watu ambao tayari wana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaosababisha kusahau, hawakupata cha maana. Mi naiweka kwenye maharage na kwenye wali kwa sababu ni chakula kizuri na mama anaipenda, basi, simwambii mtu inatibu. Na hata hiyo pilipili manga kwa wingi wa vidonge inaweza ikachezea dawa zingine mwilini, kwahiyo kwenye chakula sawa, kwenye makapsuli uliza.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote pale ni kakao ya Kyela. Kwanza nilishangaa kuikuta kwenye duka la dawa maana sisi kakao ya Kyela tunajua inaenda ghalani, stakabadhi, mnada, inapakiwa inaondoka, wakulima wenyewe wengi hawajawahi kuinywa. Huyu mama ana ndugu zake huko wanaomletea punje zilizochachushwa na kukaushwa, anazikaanga kidogo kwa moto mdogo, anamenya, anasaga. Unga unatoka wa rangi ya udongo mwekundu, hauna sukari hata chembe, ukilamba ni chungu na unakamata ulimi. Nusu kilo 18,000, bei ilipanda kwa sababu 2024 kakao dunia nzima ilipaa na walanguzi wakawa wanazunguka vijijini, simlaumu.

Kwenye kakao kuna vitu vinaitwa flavanoli, vinasaidia mishipa ya damu kutanuka na damu kufika vizuri, pamoja na kwenye ubongo. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2023 uliwapa wazee zaidi ya 3,500 kapsuli za miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku. Kwa ujumla hazikufanya mengi, ila wale ambao chakula chao kilikuwa duni, hawali matunda na mboga za kutosha, kumbukumbu yao ilipanda kidogo. Wale wanaokula vizuri hawakupata nyongeza yoyote. Hapo mi nilipata picha kwamba mwili unaonekana ulikuwa una upungufu na ukajaziwa. Mwaka uliotangulia utafiti mwingine wa mradi huohuo uliopima akili kwa ujumla haukuona faida ya kakao, kilichoonyesha matumaini ni vitamini mchanganyiko za kawaida. Na ni haki mjue kwamba sehemu ya hela za mradi huo zilitoka kwa Mars, ile kampuni ya chokoleti.

Ila angalia, kakao ya dukani ile nyeusi tii imepitishwa kwenye dawa ya kupunguza uchungu na flavanoli nyingi zinafia humo, na chokoleti ya maziwa ndo kabisa, ni sukari. Hata kuchachusha na kukaanga kunapunguza, kwahiyo hii ya Mwanjelwa haiwezi kufikia zile kapsuli na mwenye duka hajawahi kuniambia inafikia. Nampikia mama asubuhi badala ya chai ya sukari, kijiko kimoja, maziwa kidogo, tangawizi, bila sukari maana ana kisukari. Mwanzo alikunja uso, saivi anashika kikombe kwa mikono miwili na kusema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa. Kwa hii narudi kila ikiisha.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Ukiingia tu, rafu ya kwanza kwenye usawa wa macho, kuna chupa za kahawia za lita moja, mchanganyiko wa miti saba, zinaletwa na mtu kutoka nje ya mkoa. Karatasi iliyobandikwa inasema inatibu kusahau, presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na mikosi. Inasema Alzheimer inapona ndani ya siku 21. Hiyo miti saba haijatajwa hata mmoja, tarehe ya kuisha muda hakuna, namba ya usajili hakuna. 35,000. Nikiwa pale mzee mmoja aliyetoka Chunya alinunua chupa mbili za mke wake, hela zikiwa zimekunjwa ndogo ndogo kwenye mfuko wa nailoni, akazihesabu mara mbili. Mwenye duka alimwambia asiache dawa za hospitali, alimwambia kweli, ila alimuuzia.

Nilimuuliza kwa heshima, mama mbona hii unaiweka mbele na unajua haijulikani ina nini. Akasema ndo inayolipa kodi ya fremu. Nimemwelewa na bado nasema hapana. Nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ambalo linasajili waganga na dawa zao, kwahiyo dawa inayosema ukweli ina pa kwenda ikapate namba. Chupa inayodai inaponya ugonjwa ambao dunia nzima bado haina wa kuuponya, na haitaki kutaja hata mti mmoja, itoke kwenye ile rafu. Kwa sababu ya hiyo chupa peke yake nimemkata nyota mbili kati ya tano, vinginevyo ningempa zote.

Na msinielewe vibaya kwamba mimea haina kitu. Dawa mbili kati ya chache zinazoandikwa hospitali kwa ugonjwa huu zimetokana na mimea. Galantamini ilitolewa kwenye yale maua madogo meupe ya Ulaya yanayoitwa snowdrop, Wabulgaria walikuwa wa kwanza kuifanya dawa miaka ya 1950, Marekani ikaja kuiruhusu kwa Alzheimer 2001. Na rivastigmini, iliyoruhusiwa kule 2000, imeundwa kwa kufuata sumu ya maharage ya Calabar kule Nigeria. Haya maharage zamani walikuwa wanamlisha mtu aliyeshutumiwa uchawi, akifa ni mchawi, akitapika akapona hana hatia. Nilivyosoma hapo nilimfikiria mama na yale maneno ya kijijini, nikakaa kimya muda mrefu. Sumu waliyowalisha watu kama yeye, leo umbo lake ndo limewaonyesha wanasayansi namna ya kuwasaidia watu kama yeye.

Zinavyofanya kazi, kwenye ubongo kuna kemikali ya kupitishia habari inaitwa asetilikolini, kwa wagonjwa inapungua, hizi dawa zinazuia isivunjwe haraka. Zinasaidia dalili kwa kiasi, haziponyi, hazisimamishi ugonjwa wenyewe, na zina maudhi yake, kichefuchefu, mapigo ya moyo kushuka. Lakini ona tofauti, pale kitu kimoja kimetolewa kwenye mmea, kikapimwa, kikajulikana miligramu ngapi na nani asipewe. Kwenye chupa ya miti saba hakuna hata kimoja cha hivyo.

Nirudi kwa mwenye duka maana jambo kubwa alilotufanyia halikuwa bidhaa. Siku ile aliponinyima ginkgo alisema mpelekeni kwanza akapimwe kwa nini anasahau, kusahau kuna sababu nyingi. Tukaenda. Daktari akaagiza sukari, tezi ya shingo, kaswende, VVU, na vitamini B12, na hiki cha B12 sio kila maabara wanacho, ulizia kabla hujapanda gari. B12 ya mama ilikuwa chini sana. Kumbe metformini ikitumika miaka mingi inaweza kuishusha, na B12 ikishuka mtu anasahau, anachanganyikiwa, miguu inakufa ganzi. Alianza sindano. Hajarudi kuwa yule wa zamani, bado anauliza maswali mara mbili mbili na daktari anasema kuna kitu kingine pia kinaendelea, lakini ganzi imepungua, usiku analala, na majina ya wajukuu yamerudi karibu yote. Hebu fikiria tungekuwa tumemfungia ndani na chupa ya kahawia.

Daktari huyohuyo alitukazania presha na masikio kuliko kitu chochote. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 imeorodhesha mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu mapema, karibu asilimia 45 ya magonjwa haya duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na humo kuna presha, sukari, kutosikia, kutoona vizuri, sigara, pombe, kutofanya mazoezi, upweke, kukosa shule utotoni. Hakuna kapsuli hata moja ya jani humo. Mama sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta miaka na sisi tunapiga kelele tu tukifikiri haelewi.

Basi kwa mnaokwenda: duka linafungua saa tatu, Jumapili limefungwa, siku ya soko kunajaa sana kwahiyo nenda asubuhi upate nafasi ya kuongea nae. Wanapokea Lipa Namba na risiti wanatoa bila kuombwa. Pa kuegesha gari hakuna, shuka Kabwe utembee au chukua bajaji. Binzari ya kusagwa chukua, kakao ya Kyela chukua kabla haijaisha maana ikiisha inaweza kukaa wiki kadhaa mpaka mzigo mwingine upande kutoka bondeni, majani ya mlonge ni mazuri kama mboga ila yale yanayosemwa kwamba yanaongeza akili mengi yametoka kwenye majaribio ya panya wa maabara. Andika kwenye karatasi dawa zote anazotumia mzazi wako, na za kienyeji pia, mwonyeshe yule mama kabla hajakuuzia chochote, alafu karatasi hiyohiyo mpelekee daktari.